Pampu Tatu za Gari ya Kizimkazi

Vijana wa karakana wameniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijaanza kuyasahau. Nimewaambia nimeshaanza kuyasahau, ila yale yanayoniudhi ninayo bado, yote. Basi nitaandika moja katika hayo. Habari za vyeo sina haja nazo. Cheo hakijapata kufungua boliti iliyoshika kutu.

Nilianza ufundi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika karakana moja ya Darajani, karibu na maji. Lilikuwa banda la mabati lenye shimo moja la kuingilia chini ya gari, na bahari ikijaa wakati wa bamvua shimo nalo lilijaa, tukawa hatuna la kufanya ila kungoja yatoke. Fundi mkuu alikuwa Jivan, Mhindi mzaliwa wa Mji Mkongwe, mwembamba, mchache wa maneno, na mwenye spana zake mwenyewe alizozifunga ndani ya kipande cha turubai. Siku ya kwanza hakunipa hata moja. Alinipa kigoda, akaniambia nikae mlangoni, na kila dereva atakayeingia nimuulize mambo matatu: gari ilizima wapi, ilibeba nini, na nani aliigusa mwisho. Nikakaa hapo kutwa nzima kama bibi harusi.

Jioni nilimwambia, "Fundi, mie nimekuja kujifunza gari. Sikuja kuwa karani."

"Gari haina siri," akanijibu, huku anajifuta mikono. "Wenye siri ni watu wake. Uliza kwanza, spana utaishika baadaye."

Nilidhani ananizuga asinipe vifaa vyake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na mtu wa umri huo ana dawa ya kila kitu.

Kwa nyinyi mliozoea pampu za umeme, nieleze kidogo. Pampu ya petroli ya gari za zama zile ilikaa ubavuni mwa injini. Ndani yake mlikuwa na duara la kitambaa kilichopakwa mpira, sisi tukiliita ngozi. Injini ikizunguka, ngozi hupanda na kushuka, na katika kule kupanda na kushuka huvuta petroli kutoka kwenye tangi lililoko nyuma. Juu ya pampu kulikuwa na kikombe cha kioo, kwa hiyo ungeweza kuona kwa macho yako kama petroli inafika au haifiki. Chombo chepesi kabisa. Nilikuwa naweza kukifungua na kukifunga huku nazungumza, na nilikuwa napenda watu waone kuwa naweza.

Baada ya miaka michache Jivan alisafiri kwenda Bara Hindi kumuoza binti yake, akaniachia funguo za kabati na karakana yote. Miezi ile ndiyo ilipokuja pikapu ya Bwana Makame wa Kizimkazi.

Bwana Makame alikuwa na duka kule kwao, na pikapu hiyo ndiyo iliyolilisha. Ilikuwa nzee tangu siku aliyoinunua. Kila wiki ilikuja mjini ikabeba mchele, unga, sukari na madebe ya mafuta ya taa, ikarudi nayo. Mdomo wa tangi la petroli ulitokeza ndani ya bodi ya mizigo, pembeni, nyuma ya mgongo wa dereva. Aliyeunda gari ile bila shaka hakuwa muuza mchele. Dereva wake alikuwa Pandu, kijana wa palepale Kizimkazi, rika langu, mpole, mtu wa kujibu anachoulizwa na kunyamaza.

Mara ya kwanza ililetwa ikivutwa na lori. Pandu alisema imezimia njiani, imeshapita Tunguu. Nikafungua mrija wa pampu, nikaitoa, nikakuta ngozi imepasuka. Nikatia pampu nyingine, gari ikawaka kwa mpigo mmoja. Nilijiona mtu.

Haikupita wiki tatu ikarudi. Palepale, baina ya Tunguu na Kitogani. Ngozi imepasuka tena. Nikasema moyoni pampu ile ilikuwa mbovu tangu dukani, nikatia ya pili. Ikaja tena. Safari hii ngozi ilikuwa nzima, lakini kikombe cha kioo kilikuwa kikavu, hakina tone. Nikatia ya tatu ili kusiwe na maneno. Ikawaka, ikaenda, na safari iliyofuata ikazima mahali palepale.

Kila nilipofungua ule mrija wa pampu, mrija ulilia. Fyuu, ulivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Nilisikia mara zote tatu. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona na sikuliuliza, na hilo nitaliandika wazi, maana ndilo lililoniponza. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimefungwa kitambaa cheusi, kimezungushwa uzi mara nyingi na kukazwa kwa fundo dogo. Nilipokiona nilisema: hiyo ni kinga. Nani aliyekulia Unguja asingesema hivyo? Gari inapita msitu wa Jozani, inapita makaburi, ina mahasidi wa biashara, basi mwenyewe kaifunga hirizi. Na kwetu mtu hagusi kinga ya mwenzake. Hata kuiuliza ni utovu wa adabu, utaonekana unatafuta njia ya kuifungua. Nikiipita ile pembe nilikuwa naipita kwa upande, kwa heshima. Nilipotaka kujua kama petroli imo tangini, sikufungua kifuniko, nilimuuliza Pandu, naye akanambia imo. Na kweli imo.

Ila mtu aliyekwisha kutia pampu tatu hawezi kusema hajui. Nikaanza kutafuta wa kumtwika. Nilipiga hesabu zangu hivi: gari ikitoka mjini na tangi limejaa, inazima. Ikirudi mjini na tangi nusu, haizimi hata siku moja. Na mjini nani anayejaza petroli? Pandu. Nikakinga petroli kidogo ndani ya chupa, nikainusa. Ilinuka mafuta ya taa. Gari iliyobeba madebe ya mafuta ya taa miaka yote, fundi aliyeoshea mikono yake mafuta ya taa asubuhi ile ile, na bado nikasema ni petroli inayonuka. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mimi mguu uliovimba haukuwa wangu.

Nilikwenda nayo Kizimkazi mwenyewe, tukisimama na kuondoka njia nzima, nimekaa na Pandu na sikumwambia neno. Tulifika alasiri. Barazani kwa Bwana Makame wanaume walikuwa wanakunywa kahawa, na miongoni mwao alikuwa Mzee Simai, baba yake Pandu.

"Haya, Fundi," akasema Bwana Makame. "Tumeshakula pampu tatu. Gari ina nini?"

Ningeweza kumwita pembeni. Nilisema palepale, kwa sauti ya mtaalamu, "Gari haina kitu. Petroli ndiyo imechanganywa na mafuta ya taa."

Hapakuwa na haja ya kuongeza. Kila mtu barazani alijua maana yake: dereva anauza petroli na kujazia mafuta ya taa. Watu wakaweka vikombe chini.

"Sikuchanganya kitu mie," alisema Pandu.

"Fundi kasema," Bwana Makame akajibu. "Lete ufunguo."

Pandu akautoa mfukoni, akautia kiganjani mwa tajiri wake. Hakupiga kelele, hakuapa. Mzee Simai aliweka kikombe chake chini, kahawa haijafika nusu, akainuka, akaondoka bila kuaga. Niliambiwa baadaye kuwa tangu siku ile hakukanyaga tena baraza ile, na akienda msikitini alipita njia ya nyuma. Katika kijiji ambacho kila mtu ni ami au mjomba wa mwenzake, mwizi hawi mmoja, huwa nyumba nzima. Mimi nililala usingizi mzuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Bwana Makame akashika usukani mwenyewe. Petroli akajaza mwenyewe, akasimama juu yake mpaka ikaingia tangini, akafunga kila kitu kama kilivyokuwa. Safari ya kwanza gari ikazima imeshapita Tunguu.

Alikuja karakana amevimba. Sikumngoja aseme. Nikachukua vifaa, nikamwambia tuondoke nayo sasa hivi, tangi limejaa na mizigo imo, na mimi nitakaa nyuma juu ya magunia niitazame. Tulipita Fuoni, tukapita Tunguu, jua la saa sita linachoma. Gari ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikazima.

Nikashuka nikafungua boneti. Kikombe cha kioo kikavu. Nikalegeza mrija wa pampu: fyuu. Na safari hii, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumtwika zaidi ya mwenye gari mwenyewe, nilisikia nilichokuwa nikikisikia siku zote. Nikaufunga mrija vilevile, bila kugusa kitu kingine, gari ikawaka. Tukaenda kama maili mbili, ikazima. Nikalegeza: fyuu. Ikawaka.

Nilikaa juu ya bampa nikajisemea kuwa tangi hili linakosa pumzi. Jaribuni kunyonya maji ndani ya chupa huku midomo imeiziba yote, mtaona yanafika pahala hayaji tena. Petroli haiwezi kutoka tangini ikiwa hewa haiingii mahali pake. Tangi likiwa limejaa, hewa iliyomo ni kidogo, pampu inachoka mapema. Likiwa nusu, hewa ni nyingi, gari inafika. Na pampu inayovuta pasipo na cha kuvuta itapasua ngozi yake tu. Kila kifuniko cha tangi kina kitundu chembamba cha kupitisha hewa. Mimi hicho kitundu sikukiona, kwa sababu ya adabu.

"Bwana Makame," nikasema polepole, "uniwie radhi kwa swali hili. Ile kinga kaifunga nani?"

"Kinga gani?"

"Pale kwenye tangi. Kile kitambaa cheusi."

Akanitazama kama aliyeona jua limenipiga. "Kile? Kile kipande cha buibui la mama. Kakifungisha kwa sababu ya mchele."

Nikamwomba anieleze, akanieleza palepale kando ya njia. Mwaka ule kulikuwa na harusi kubwa kijijini, mchele ulitoka dukani kwake. Pilau ilipopakuliwa ilinuka petroli. Wageni walikula kwa ustaarabu tonge mbili tatu, wakashukuru, na kesho yake kijiji kizima kinaiita pilau ya injini. Mama yake, Bi Mwanakhamis, aliona aibu mpaka akashindwa kutoka. Akachana buibui lake kuukuu, akalichovya kwenye nta ya nyuki, akamwambia Pandu: kila ukishajaza petroli, ufunge hiki kifunikoni, ukaze, harufu isipite. Pandu akafunga, akakaza. Alikuwa kijana mtiifu.

"Na mbona hukunambia?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza. Nlidhani umekiona."

Nimekiona, naam. Nilikipisha njia.

Nikapanda nyuma, nikakata uzi. Kitambaa kilipoachia, tangi lilivuta pumzi ndefu kwa sauti, mpaka Bwana Makame akarudi hatua. Tuliondoka hapo, tukapita msitu, tukapita Kitogani, tukapita Muyuni, na gari haikukohoa hata mara moja. Tulipokaribia Kizimkazi yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Basi Pandu..."

"Naam," nikajibu.

Bi Mwanakhamis alitutengea chai uani. Nikamwamkia, "Shikamoo Bi," akanijibu marahaba, nikamweleza habari yote ya kitambaa chake. Alisikiliza, akatia mkono mdomoni. Halafu mwanawe akasema atamwita Pandu usiku, ndani, amweleze taratibu, amrejeshee ufunguo, na mambo yaishe kimyakimya. Lazima niseme ukweli: nilifurahi sana. Nilishaanza kuitikia.

"Mlimvua nguo barazani," akasema Bi Mwanakhamis, "mnataka kumvika chumbani?"

Mwanawe akakoroga chai yake.

"Kesho Ijumaa," akaendelea. "Na weye Fundi, utalala hapa. Ulimi uliosema ndio huohuo utakaorudi."

Sikupata usingizi. Nilikuwa natunga maneno: jinsi ya kueleza kitundu cha hewa, jinsi ya kuonyesha kuwa fundi yeyote angekosea, jinsi ya kuitaja ile harufu. Asubuhi nilikuwa na hotuba nzuri. Tukaswali Ijumaa, na watu walipotoka msikitini, Bwana Makame akawaomba wasimame kidogo. Pandu alikuwepo, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi. Mikono yake ilikuwa imechubuka. Tangu siku ile alikuwa akichoma chokaa. Baba yake alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na birika la kutawadhia, amegeuza uso upande.

Nilisimama na hotuba yote ikanipotea. Nikasema, "Nilikuja hapa nikasema Pandu amechanganya petroli. Si kweli. Hakuchanganya. Gari ilikuwa na kosa, mie fundi sikuliona, nikamsingizia yeye. Namtaka radhi, na nyote naomba mnishuhudie."

Ni maneno machache, lakini niliposema neno "nikamsingizia" niliteremsha sauti. Mtu mmoja akaitikia, "Tumesikia." Bwana Makame naye akasema yake, akatoa ufunguo, akaunyoosha mbele ya watu wote. Pandu hakuupokea. Alinitazama mimi.

"Baba hasikii vizuri," akanambia. "Rudia kwa sauti."

Nikarudia kwa sauti. Nadhani na wanawake waliokuwa majumbani walisikia. Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Simai. Alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nani alichanganya?" akauliza.

"Hakuna, mzee!" nikapiga kelele. "Pandu hakuchanganya kitu! Mie ndiye niliyesema uwongo juu yake!"

Uwongo. Neno hilo sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe, na lilipotoka nikaona kuwa ndilo neno lake. Mzee akashusha kiganja. Akamwangalia mwanawe, akamwitikia kwa kichwa mara moja. Hapo Pandu akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, na watu wakaanza kumshika mkono mmoja mmoja, wengine ni walewale walioweka vikombe chini siku ile na kunyamaza.

Mimi nilibaki nimesimama na jasho langu. Mzee Simai akavaa makubadhi, akaja taratibu na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia. Akanishika bega, akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, hakuna aliyeisikia zaidi yangu:

"Mara ya kwanza nlisikia."

Akaenda zake barazani kwa Bwana Makame, akakaa, akaagiza kahawa.